Soda ya Mezani na Fizi Zako

Mjasiriamali mwenzangu, leo tuweke bei pembeni tuongelee fizi. Sisi tunaouza mtandaoni tunashinda na simu mkononi na soda mezani, kila oda ikiingia fundo moja.

Shida ni hayo mafundo ya kutwa. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari, utando unajijenga kwenye fizi, fizi zinavimba na kutoa damu ukipiga mswaki. Utando ukikaa unakuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki. Mwanzoni hauumi, ndiyo maana wengi tunashtuka jino likishaanza kucheza.

Kola ya mililita 330 ina kama gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akibaki chini ya gramu 25 kwa siku ni bora zaidi.

Mimi mezani naweka maji. Soda nakunywa na chakula, namaliza, nasukutua. Mswaki nasubiri nusu saa, maana asidi inalainisha meno.

Damu ikiendelea, muone daktari wa meno mapema. Mtaji ukikata unatafutwa tena; jino la mtu mzima likitoka halioti.