Dokta Remmy na Mnyonge wa Sinza

Mwaka 1978 sensa ilihesabu wakazi 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam, zaidi ya mara mbili ya wale wa mwaka 1967. Mwaka huo huo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliingia mjini kupiga muziki na Orchestra Makassy.

Makao yake yalikuja kuwa Sinza, kitongoji cha Kinondoni wakati huo, kilichopimwa viwanja ili kupunguza ujenzi holela. Ndugu msomaji, waliohamia vitongoji hivyo wanayajua: kodi ya chumba, bei ya unga, foleni ya maji, na msiba ukukutao mbali na ukoo. Remmy hakuyasikia kwa jirani. Naye alikuwa mgeni miongoni mwa wageni. Akiwa na Super Matimila aliyaimba katika kumbi za dansi, watu wakacheza huku wakisikiliza maneno.

Mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, Songs for the Poor Man, yenye wimbo "Sauti ya Mnyonge". Hapo pana kitendawili: mnyonge anaishi Manzese na Temeke, sauti yake inauzwa Ulaya! Nyumbani walitegemea redio, kanda na dansi. Lakini sidhani kama walipunjwa sana, maana wao hawakuhitaji mkalimani.

Remmy alifariki dunia Desemba 13, 2010. Kituo cha basi cha Sinza huitwa "Kwa Remmy".