Nyumba Nafuu Ngara na Biharamulo: Udongo au Saruji?

Halmashauri za wilaya, zilizofutwa mwaka 1972, zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Mojawapo ya mizigo yake ni nyumba, kwani mwalimu au mganga akosaye makazi kijijini hutafuta uhamisho.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, saruji hutoka mbali, na kila kilometa huongeza bei. Tofali la kuchoma hula kuni. Na miti ya Ngara ilikatwa sana baada ya Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi.

Njia mojawapo ni tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Haliingii tanuruni. Hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku 7 au zaidi, kwa kuwa saruji hukazwa na maji, si na jua. Udongo wenye mfinyanzi mwingi haufai: ukaukapo hunywea na kupasuka.

Wanafunzi waweza kuupima. Chupa ijazwe udongo hadi theluthi, iongezwe maji na chumvi kidogo, itikiswe, kisha iachwe siku moja. Mchanga hutuama kwanza, mfinyanzi mwisho. Vimo vya matabaka vitaonyesha uwiano wake.

Hata hivyo, ukuta si nyumba. Bati na misumari bado hununuliwa, na kiwanja kisichopimwa hakina hati. Hapo sayansi huingoja halmashauri.