Slaidi za Rangi: Neno Moja, Filamu Mbili

Neno slaidi limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili, wala halina haja ya kubadilishwa. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba neno hilo hutaja picha angavu iliyomo katika fremu, itazamwayo kwa kupitishiwa mwanga. Halitaji filamu iliyoizaa. Upungufu huu huweza kuzipoteza picha zenyewe.

Filamu ya negativu hutoa picha ambayo weupe umekuwa weusi. Filamu ya slaidi husafishwa kwa namna ambayo picha hasi hugeuzwa kuwa chanya juu ya utepe ule ule. Kwa sababu hiyo twapendekeza iitwe filamu geuzi.

Filamu geuzi za rangi ni za aina mbili:

(a) Filamu ya rangi ya kutiwa. Mfano wake ni Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935. Rangi zake zilitiwa wakati wa kusafishwa, kwa mitambo maalumu.

(b) Filamu ya rangi ya ndani. Mifano yake ni Ektachrome na Fujichrome. Kemikali zizaazo rangi huwekwa ndani yake kiwandani.

Tuchukulie kwamba shule moja ya Rujewa, wilayani Mbarali, ina kasha la slaidi za zamani za majaruba ya mpunga ya Usangu. Katika daftari zimeandikwa "slaidi" tu. Zile za Kodachrome, zikiwekwa gizani, hudumisha rangi kwa miongo mingi, lakini hufifia upesi mbele ya taa ya projekta. Ektachrome za zamani hustahimili taa zaidi, ila hufifia hata zikiwa kashani, hasa penye joto. Basi za kwanza zisionyeshwe ovyo, bali nakala zake; za pili zinakiliwe mapema.

Ikipatikana Kodachrome ambayo haijasafishwa, hasara ni kubwa zaidi. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyoisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, Marekani, iliacha kuipokea mwishoni mwa 2010. Leo huweza kutoa picha nyeusi na nyeupe tu. Ektachrome, iliyokoma mwaka 2012 na kurejea 2018, ingali yasafishwa kwa rangi.

Kwa hiyo mwenye kasha asome jina lililochapwa kwenye fremu, kisha aandike aina ya filamu kando ya neno slaidi. Istilahi iliyo wazi ni sehemu ya hifadhi.