Mpini wa panga uliolegea ni hatari, ukarabatiwe mapema

MSIMU wa mvua ya masika unapokaribia, panga huwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kutolewa ghalani katika maboma mengi ya wakulima nchini. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba mpini uliokuwa imara mwaka uliopita sasa unacheza mkononi.

Aghalabu kasoro hiyo hupuuzwa. Mwenye panga huuzungushia mpini kipande cha mpira wa tyubu au waya, kisha akaendelea na kazi. Lakini mpini uliolegea huvuruga shabaha: mkono huelekea upande mmoja na bapa likaelekea upande mwingine, na makali yaliyokusudiwa kukata kichaka yakaangukia muundi wa mguu.

Jeraha la aina hiyo likiingiwa na udongo wa shambani linaweza pia kuleta pepopunda, maradhi ambayo huua iwapo mtu hakuchanjwa.

Ili kuelewa jinsi ya kuukarabati, ni vyema kwanza kujua jinsi mpini wenyewe ulivyoundwa. Mapanga mengi yenye mpini wa mbao huwa na msuka, yaani sehemu ya nyuma ya chuma isiyo na makali. Msuka huo hubanwa katikati ya vipande viwili vya mbao, navyo hushikiliwa na riveti zinazopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Mbao hupanuka inapofyonza unyevu na kusinyaa inapokauka. Mabadiliko hayo hutokea zaidi katika upana na unene, na ni madogo mno katika urefu. Riveti hazisinyai pamoja na mbao, hivyo kiangazi kinapoingia, nafasi ndogo hubakia kati ya mbao na kichwa cha riveti. Kila pigo la panga huongeza nafasi hiyo na kupanua matundu.

Sababu ya pili ni kutu. Maji yakipenya chini ya mbao, chuma huanza kuliwa, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huisukuma mbao nje polepole hadi ikapasuka au riveti zikalegea.

Hii ndiyo sababu desturi ya kutumbukiza mpini ndani ya ndoo ya maji usiku kucha haifai. Ni kweli kwamba asubuhi mpini huwa umekaza. Hata hivyo, mbao iliyolowa hutaka kutanuka ilhali imebanwa na riveti, na nyuzi zake hupondeka. Inapokauka tena, husinyaa kupita ilivyokuwa awali, na chuma kilicho ndani kikawa kimeanza kushika kutu.

Kabla ya ukarabati wowote, bapa la panga lifungwe kwa gunia au katoni nzito. Kisha mpini utikiswe na kuchunguzwa. Iwapo mbao haina ufa na inacheza kidogo tu, tatizo ni riveti. Kichwa kimoja cha riveti huegemezwa juu ya fuawe au kipande kizito cha chuma, na kile cha pili kikagongwa kwa nyundo ndogo. Mapigo yawe mepesi na mengi, kwani pigo moja kubwa linaweza kuipasua mbao.

Iwapo matundu yamepanuka au kuna kutu ndani, hapana budi kuufungua mpini. Kichwa cha kila riveti hupunguzwa kwa tupa hadi kiishe, kisha riveti ikasukumwa nje kwa msumari butu. Msuka husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Vipande vya mbao huachwa vikauke kabisa kivulini, kwa sababu gundi haishiki vyema penye maji au mafuta.

Msuka ukipatikana na ufa, panga hilo halifai kukarabatiwa kwa gundi wala riveti. Litatengana siku moja likiwa hewani.

Matundu yaliyopanuka huzibwa kwa gundi ya epoksi, ile inayochanganywa kutoka mirija miwili, ikitiwa unga wa mbao. Mchanganyiko ukishakauka, matundu hutobolewa upya kwa keekee. Baadaye gundi hiyo hupakwa pande zote mbili za msuka, mbao zikarudishwa mahali pake na riveti mpya zikapenyezwa.

Riveti inafaa kujitokeza nje kwa kiasi cha mara moja na nusu ya kipenyo chake ili ipate kichwa cha kutosha. Yenye kipenyo cha milimita 5 hujitokeza takriban milimita 7.5. Washa ndogo ikiwekwa chini ya kichwa huzuia mbao isipasuke. Riveti hugongwa kabla ya gundi kukauka, kisha mpini ukabanwa kwa jiliwa na kuachwa kwa saa 24. Kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa ya kutosha, na mikono ivishwe glavu.

Mbao ikiwa imepasuka, dawa ni kuchonga vipande vipya kwa kufuata umbo la vile vya zamani. Wengi hupendelea mti wa mpera kwa kuwa ni mgumu na haupasuki ovyo. Nyuzi za mbao sharti zifuate urefu wa mpini. Mbao mbichi isitumiwe: itasinyaa na kulegea tena. Kanuni ya mafundi ni kuianika kivulini mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Asiye na vifaa anaweza kumpelekea fundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, ambao kuunda na kutengeneza vifaa vya chuma ndiyo riziki yao.

Mpini uliokamilika hulainishwa kwa msasa na kupakwa mafuta ya kitani, ambayo hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka. Vitambaa vilivyotumiwa kuyapaka visirundikwe pamoja, kwani huweza kupata joto na kujiwasha moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

Jaribio la mwisho ni kukata gogo laini mara kadhaa, watu na hasa watoto wakiwa mbali. Mpini ukikaa kimya mkononi, panga liko tayari kwa shamba. Baada ya kazi lipanguswe na kuhifadhiwa pakavu, mbali na mvua, jua kali na moshi wa jikoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika panga, ukuta huo waweza kuwa mguu wa mtu.