Wainuit Walisema Kweli, London Ikakataa

Mwaka 1845 Uingereza ilituma meli mbili, Erebus na Terror, zikatafute njia ya bahari inayopita kaskazini ya Kanada, kwenye barafu ya Aktiki, hadi Bahari ya Pasifiki. Mkuu wa msafara alikuwa Sir John Franklin. Watu 129 waliingia kwenye barafu ile, na hakurudi hata mmoja.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya ushujaa wa mabaharia. Mimi nakiona ni kisa cha wenyeji waliojua, wasisikizwe.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na tabibu Mskoti, John Rae, aliyeajiriwa na kampuni ya biashara ya manyoya, Hudson's Bay Company. Rae hakutegemea meli kubwa. Alitembea kwa miguu na watu wachache, akichora ramani ya pwani zile. Kwa wenyeji alijifunza kujenga nyumba ya theluji badala ya kubeba hema, na kuwinda chakula njiani. Mzigo ukawa mwepesi. Watu wa Franklin, meli zao ziliponaswa na barafu, walishuka wakiburuta mashua nzito. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Aktiki, anayepona ni mgeni, akikubali kufunzwa.

Mwaka 1854 Rae alikutana na Wainuit waliomweleza habari nzito. Wazungu wapata arubaini walionekana wakielekea kusini na mashua yao, kisha wakafa kwa njaa, na mwishoni baadhi yao walikula maiti za wenzao. Rae alinunua kwao vijiko na uma za msafara ule kuwa ushahidi, akapeleka habari London.

London ilichukia. Mjane wa Franklin aliipinga habari ile, na mwandishi mashuhuri Charles Dickens akaandika gazetini mwake kwamba Wainuit si watu wa kuaminiwa. Lawama zikamwangukia Rae, kana kwamba kosa ni la aliyesikiliza.

Lakini mifupa haina upande. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliichunguza mifupa ya mabaharia wale, wakakuta alama za visu. Na meli je? Wainuit walikuwa wakihadithiana, kizazi hadi kizazi, mahali meli moja ilipozama. Mwaka 2014 Erebus ilipatikana katika eneo walilolitaja. Mwaka 2016 Terror nayo ikapatikana, baada ya Minuit mmoja, Sammy Kogvik, kuwaeleza watafutaji kwamba aliwahi kuona mlingoti umechomoza kwenye barafu.

Tangu Rae apeleke habari hadi meli ya kwanza kuonekana ilipita miaka 160. Kwa hivyo, msomaji, ukisikia mtu akidharau habari za wazee kwa kuwa hazikuandikwa, muulize: hizo meli mbili zilipatikana kwa maneno ya nani?