Kibanda cha Usiku Mmoja Mwituni

Watu wa Kariobangi waijua baridi ya ardhi. Nyumba zilipobomolewa huko tarehe 4 Mei, 2020, maelfu ya watu, na watoto wadogo miongoni mwao, walilala nje katika mvua. Basi msomaji wa mjini asidhani kwamba habari hii yawahusu wawindaji peke yao. Tena vijana wengi wa Nairobi hupanda Nyandarua na Mlima Kenya kwa matembezi, na ukungu ukishuka ghafula mtu aweza kupotea njia hata usiku ukamkuta. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kilele cha Satima, karibu mita 4,000. Na kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa karibu digrii 6. Aliyelowa aweza kufa huko kwa baridi.

Wengi huanza kwa paa. Yafaa kuanza kwa kitanda, maana ardhi yenye maji huvuta joto la mwili usiku kucha. Tandika matawi na majani makavu, mengi hata yakilaliwa yabaki na unene wa shibiri nzima.

Kisha tafuta mti imara, mrefu kuliko kimo chako. Ncha moja uiweke katika panda, usawa wa kiuno, na ncha ya pili ardhini. Egemeza fito pande zote mbili, zenye mteremko mkali, kwa kuwa paa lililolala huvuja. Panga majani kuanzia chini kwenda juu, safu ya juu ikifunika ya chini kama makuti ya pwani, na unene usipungue dhiraa moja. Kibanda kimtoshe mtu kulala tu. Mwili mmoja hauwezi kupasha joto chumba kikubwa. Moto usiwashwe ndani.

Wapiganaji wa Mau Mau, walioingia misitu hiyo tangu 1952, walikaa humo miaka kadhaa, wakijenga vibanda kwa mianzi. Leo sehemu kubwa ni hifadhi ya taifa na ni marufuku kukata miti, okota iliyoanguka. Usijenge mahali maji yapitapo, wala juu ya njia ya ndovu na nyati. Njia hiyo humdanganya mgeni, kwa kuwa ni pana na safi, kana kwamba imekwisha kufyekwa kwa ajili yake.