Nani Amesahauliwa Kazini?



Katika parishi moja tuliyoitumikia kulikuwa na karakana ndogo, na ndani yake fundi seremala kiziwi, stadi sana wa kutengeneza madawati. Kila Jumatatu wafanyakazi walikusanyika kwa sala fupi, kisha matangazo ya kazi yakasomwa: nani aende wapi, mbao zitafika lini, mshahara utatoka siku gani. Fundi huyu alisimama pamoja nasi, akainama tulipoinama, akatabasamu tulipotabasamu. Kwa muda wa miaka miwili tuliamini kwamba hana shida yoyote. Mwezi mmoja siku ya malipo ikabadilishwa, ikatangazwa, naye akaja siku ile ya zamani, kwa nauli ya kukopa, akakuta ofisi imefungwa. Jumatatu iliyofuata aliokota kipande cha ubao, akaandika maneno mawili kwa penseli yake ya useremala, akakiinua mbele ya watu wote: "Mwasema nini?"

Tuliona haya. Hapakuwa na mtu aliyemchukia, wala hakuna aliyekusudia kumwacha nje. Tulimsahau tu, na tabasamu lake likatusaidia kuendelea kumsahau.

Mambo haya si mageni. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa sita, twasoma juu ya wajane wa wale waliosema Kiyunani, ambao walipitwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja wa kanisa. Waliita mkutano wa wote, lawama ikasemwa waziwazi, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia mgawo. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu waliojua nyumba za wajane wale zilikuwa wapi.

Sasa twendeni mbali kidogo, mpaka mji wa Rochester, katika jimbo la New York huko Marekani, tuone jambo hili likitendeka katika kampuni ya biashara. Mji huo ulikuwa na viwanda vikubwa na kazi nyingi, lakini watu weusi waliohamia huko kutoka kusini walikuta milango mingi imefungwa. Mwezi wa Julai 1964 ghasia zikalipuka kwa siku tatu, watu wakafa, na askari wa jimbo wakaitwa. Baada ya hayo baraza la makanisa ya mji lilimwalika Saul Alinsky, mtu aliyejulikana kwa kuwaunganisha maskini ili wajisemee wenyewe. Wakubwa wengi wa mji walikasirika. Kituo kimoja cha redio kiliwaambia wachungaji kwamba wakimleta mtu huyo, ile saa yao ya Jumapili waliyokuwa wakipewa bure itawabidi wailipie. (Sisi tunaosema nanyi kwa redio twaweza kuonja uzito wa neno hilo.) Hata hivyo walimwita, na mwaka 1965 kikaundwa chama cha watu weusi kilichoitwa FIGHT, kikiongozwa na mchungaji Franklin Florence.

Mojawapo ya kampuni za mji huo ilikuwa Xerox, ile iliyotajirika kwa mashine za fotokopi. Mkubwa wake, Joseph Wilson, alikubali kuzungumza na watu wa FIGHT. Mwaka 1968 yeye na mwenzake Peter McColough waliwaandikia mameneja wote barua, wakakiri kwamba kampuni yao yenyewe ilikuwa na hatia katika jambo hili, wakaagiza watu weusi waandikwe kazi kwa bidii.

Watu wengi wangelihesabu jambo hilo kuwa limekwisha. Lakini kuingia mlangoni ni jambo moja, na kupewa kiti ni jambo jingine. Vijana weusi waliajiriwa kuuza mashine, na mapato ya muuzaji yalitegemea eneo alilopewa. Mwenye kupewa mtaa wa mabenki na maofisi makubwa alipata fedha nyingi. Mwenye kupewa mtaa wa maduka madogo alihangaika, na mwisho wa mwaka ikaandikwa kwamba hajui kuuza. Mtu mmoja akiona eneo lake ni baya hudhani ni bahati yake mbaya. Kumi wakiweka karatasi zao juu ya meza moja, huanza kuona mpango.

Ndivyo ilivyokuwa. Karibu na mwaka 1970 wafanyakazi weusi walianza kukutana, huko San Francisco, Washington na kwingineko. Walikutana majumbani, baada ya kazi, kwa fedha zao wenyewe. Na hapa twataka mwangalie vema, maana wengi hudhani vikundi vya namna hii ni vya kulalamika tu. Saa nyingi walizitumia kufundishana: jinsi ya kumweleza mteja mashine, jinsi ya kuongea na meneja bila hasira na bila woga. Aliyetangulia alimshika mkono aliyekuja nyuma. Walijua kwamba mtu asiyefanya kazi yake vizuri hawezi kusikilizwa. Kisha, pamoja na hayo, wakapeleka neno lao kwa wakubwa, nalo lilikuwa neno la maeneo ya kuuzia. Hawakusema, "Mtupende." Walisema, "Tazameni mgawo huu." Wale wa San Francisco walifika hata mahakamani, mwaka 1971, na maeneo yakagawanywa upya.

Katika miaka ya 1980 kampuni iliuliza swali lingine la busara: hawa wakubwa wa leo, walipitia kazi gani walipokuwa wadogo? Ikaonekana kuna vyeo fulani, kama ule wa kuwasimamia wauzaji, ambavyo ni kama daraja. Asiyevipitia hafiki ng'ambo. Basi wakaanza kuangalia ni nani anayepewa vyeo hivyo. Mwaka 1980 aliingia hapo binti mweusi, mwanafunzi wa uhandisi, aliyelelewa na mama yake katika nyumba za watu maskini za New York. Jina lake Ursula Burns. Mwaka 2009 akawa mkuu wa kampuni yote, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mojawapo ya kampuni kubwa 500 za Marekani.

Msikilizaji mmoja ataguna: "Pasta, hapa kwetu Kenya vikundi vya namna hiyo vitakuwa vya ukabila mtupu." Hofu hiyo ni ya kweli, wala hatuipuuzi. Hata huko Marekani, tangu mwaka 2025, serikali imeipinga mipango mingi ya namna hii, ikisema inawapendelea wengine, na kampuni kadhaa zimeipunguza. Nasi tumeona ofisi ambamo watu wa lugha moja hukutana jioni kugawana nafasi kabla hazijatangazwa. Ndiyo sababu sheria yetu ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Lakini tofauti yajulikana. Kikundi cha kugawana nyara hakiwezi kusoma maazimio yake mbele ya wengine. Kikundi cha kuuliza njia imezibwa wapi chaweza kuyasoma mbele ya kila mtu, na chawakaribisha wengine waje wasikie.

Wala tusidhani kwamba ni kampuni kubwa tu zenye kuhitaji mambo haya. Katika shule zetu na hospitali zetu za misheni, mpishi na mlinzi hukaa katika mkutano wa wafanyakazi miaka nenda rudi bila kuulizwa neno. Mama anayenyonyesha hujificha stoo. Mwenyekiti husema, "Kuna swali?" huku ameshika kitabu chake tayari kuondoka, kisha huandika kwamba wote wameridhika.

Turudi kwa fundi wetu. Baada ya Jumatatu ile tulifanya haraka. Karani akaagizwa aandike matangazo yote, na tukaanza kumtafuta mtu wa kutufundisha lugha ya ishara, ambayo Katiba ya 2010 imeipa heshima yake. Tukajisifu kidogo. Ndipo kijana mmoja wa karakana akasema, "Lakini hatujamwuliza yeye." Tukamwandikia: Wataka nini? Tulitazamia atataja mambo ya matangazo, au ile nauli. Yeye aliandika kwamba meza yake ya kazi imeelekea ukuta, na kila mtu anayeingia humshtua kwa kumgusa mgongoni akiwa ameshika patasi. Aliomba igeuzwe ielekee mlango.

Tuliigeuza siku ile ile, watu wanne, kabla ya chai.